Kabla Hujaitundika Kadi ya Posho Ukutani

Naandika haya kwa wenzangu waliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Lugufu, Kakuma, Dzaleka au Nakivale, ambao leo wako Buffalo, Oslo, Calgary au Nairobi na wameshika kamera, brashi au cherehani. Ipo siku utapigiwa simu. Mtu wa galari, yaani ukumbi wa maonyesho ya sanaa, atakwambia kwa upole kwamba historia yako ina uzito, na kwamba kama kwenu kuna vitu mlivyotoka navyo kambini, ingekuwa vizuri watu wavione. Mimi nilipigiwa simu hiyo mwaka 2021. Maonyesho yalifunguliwa vuli ya mwaka uliofuata. Hapo katikati pesa zilinitoka, usingizi ulinitoka, na kuna kipindi mimi na mama tulikuwa tunapishana jikoni bila kusemezana. Kazi yenyewe ilisimama na ninaipenda. Ila njia yake ilikuwa na mashimo mengi, na mtu mmoja tu aliyeipita kabla yangu angetosha kunionyesha.

Sisi ni watu wa Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Vita vya 1996 vilipotufikia, mama alivuka Ziwa Tanganyika na sisi watoto kwa boti la wavuvi mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma tukapelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Nilikuwa na miaka mitatu. Nilikaa pale mpaka nikawa mtu mzima: madarasa chini ya shitingi za plastiki, siku za posho, yaani za kugawiwa chakula, foleni ya maji, na ile ruhusa ya kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi ambayo ukikutwa huna unakamatwa. Mwaka 2016 tukapandishwa ndege, kila familia na mfuko wake mweupe wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao hauruhusiwi kuachwa hata chooni, kwa sababu ndani yake ndimo zilimo karatasi zote. Tulishukia Buffalo, jimbo la New York. Nilianza kwa kufua mashuka ya hospitali usiku, na baadaye nikaingia chuo cha miaka miwili kusoma sanaa mchana. Mwalimu wangu wa pale ndiye aliyenionyesha picha ya friji.

Friji hiyo ni sehemu ya kazi ya Danh Vo. Kama unafanya sanaa na umetoka kambini, mtafute huyu mtu, hata kama hukubaliani naye. Alizaliwa mwaka 1975 Bà Rịa, kusini mwa Vietnam, mwaka uleule vita vya nchi yake vilipoisha. Mwaka 1979 baba yake, Phung Vo, alijenga boti kwa mikono yake, akapakia jamaa na watu wengine, wakaingia baharini. Meli ya mizigo ya kampuni ya Maersk, ya Denmark, ikawaokota. Wakakaa kambini Singapore, kisha wakapelekwa Denmark, na huko ndiko alikokulia. Yeye akasoma sanaa Copenhagen na Frankfurt, na leo makumbusho makubwa ya dunia yanagombea vitu vyake. Ni vitu hasa, maana mara nyingi hachongi wala hachori. Anachukua kitu ambacho tayari kina historia, anakiweka mbele yako, anakaa kimya.

Bibi yake alipopokewa Ujerumani alipewa na mpango wa kuwasaidia wahamiaji mashine ya kufulia, friji ndogo na televisheni, na kanisa likampa msalaba. Mjukuu akavichukua vitu hivyo, akavipandisha kimoja juu ya kingine, msalaba ukafungwa kwenye friji. Kazi imekwisha. Inaitwa Oma Totem, ya mwaka 2009. Masika ya 2018, Danh Vo alipokuwa na maonyesho makubwa katika jumba la sanaa la Guggenheim, nilipanda basi la usiku kutoka Buffalo kwenda New York kumwona bibi huyo kwa macho yangu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Nilikuwa naiona sebule yetu ya kwanza: meza tuliyoikuta imeshapangwa, sahani nne za rangi tofauti, vitanda vilivyotandikwa na watu tusiowajua, na mama akizunguka nyumba anagusa kila kitu kwa ncha ya kidole, hajui kama anaruhusiwa kukasirika kwamba hakuchagua hata kijiko.

Kazi iliyonishika zaidi ilikuwa barua. Mwaka 1861 mmisionari Mfaransa, Théophane Vénard, alikatwa kichwa kule Tonkin, kaskazini mwa Vietnam. Kabla ya kuuawa alimwandikia baba yake barua ya kumuaga. Danh Vo anamwomba baba yake mzazi, mzee Phung, aiandike barua hiyo upya kwa mkono, kwa hati nzuri sana, kwa Kifaransa ambacho mzee hakijui. Kila nakala inauzwa, mzee analipwa, na nakala zitaendelea kutoka mpaka siku mzee atakapofariki. Jina la kazi ni tarehe tu ya kifo cha yule padri: 2.2.1861. Mtoto anamuaga baba, baba anaandika maneno ya kuagwa, na hati ni yake.

Nikiwa ndani ya basi la kurudi nilijua nataka kufanya nini. Nilitaka kuchukua kadi yetu ya posho, ile ya Nyarugusu iliyotobolewa mpaka ikawa laini kama kitambaa, na mfuko wa IOM, na blanketi la kijivu, niviweke ukutani bila maelezo. Ilichukua miaka mitatu kabla ya mtu kuniuliza kama nina kitu cha kuonyesha, na nilipoulizwa nilijibu ndiyo bila kusita. Kisha nikaenda kwa mama.

"Kadi ya posho?" akauliza. "Uwaonyeshe nini?"

Nikamweleza habari za friji, za barua, za yule mzee wa Vietnam. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyomsikiliza mchungaji. Halafu akasema: "Mwanangu, kadi ile inasema tulikuwa watu saba. Ukiitundika, mtu atahesabu. Atauliza wa saba yuko wapi. Nitamjibu nini, tena kwa Kiingereza?"

Tuliopanda ndege tulikuwa sita. Wa saba ni kaka yangu mmoja. Amezikwa Nyarugusu.

Hapa nataka nisimame, kwa sababu ndipo kazi yote ilipo. Danh Vo alipakiwa kwenye boti akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mimi nilikuwa na mitatu. Watoto wa namna yetu tunaitwa wakimbizi, na ni kweli, lakini safari yenyewe hatukuifanya sisi. Tulibebwa. Aliyechagua usiku wa kuondoka, aliyeamua nini kibebwe na nini kiachwe, aliyedanganya watoto kwamba wanakwenda kusalimia shangazi, ni mzazi. Kumbukumbu tunazozionyesha kwenye galari ni mali yake kwanza. Mzazi ana haki ya kukataa, na akikataa hana deni la kukupa sababu. Mama yangu alinipa sababu kwa sababu ananipenda.

Sababu ya pili aliitoa baada ya wiki kadhaa, na hiyo ni ya kuwaambia wote walio Marekani. Mkimbizi anatakiwa kuomba makazi ya kudumu akishamaliza mwaka 1, na anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka 5. Mama alikuwa mzee wa kupokea malipo ya SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ambayo mkimbizi asiye raia hupewa kwa miaka 7 tu. Kwa hiyo kufika 2023 ilikuwa lazima awe raia, la sivyo pesa ya kodi ya nyumba imekatika. Wakati mimi nahangaika na ukuta wa galari, yeye alikuwa anajifunza maswali 100 ya mtihani wa uraia wa wakati huo, kwa Kiingereza, akiwa hakuwahi kumaliza shule ya msingi. Na shangazi yangu, mdogo wake, kesi yake ilikuwa bado inazunguka Nyarugusu. Mama aliogopa kwamba karatasi yoyote ikionekana hadharani, mtu wa ofisi ataikuta, atalinganisha na mafaili, atapata tofauti ya jina au tarehe, na kesi ya mdogo wake itazama. Ninyi mnajua jinsi majina yetu yalivyoandikwa kambini. Mtu mmoja ana tahajia tatu na tarehe ya kuzaliwa ni Januari mosi.

Nilimpeleka kwa wakili wa uhamiaji wa msaada wa bure. Fanya hivyo kabla ya kusaini kitu chochote na galari, na usiende peke yako, nenda na mzazi. Wakili alitueleza bila kututisha. Hati ya zamani ukutani haivunji sheria yoyote, lakini namba ya kesi ni funguo ya faili la familia nzima, pamoja na watu ambao bado hawajasafiri, kwa hiyo isionekane kamwe. Alitushauri tutumie nakala na asili ibaki nyumbani. Namba na tarehe zifunikwe kwa karatasi nyeusi kabla ya kutolewa nakala, kwa maana wino wa kalamu ukimulikwa taa maandishi ya chini yanasomeka. Picha za simu nazo zihakikiwe kabla ya kupelekwa popote, kwa sababu nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, yaani nyumbani kwenu. Mama alitoka pale akiwa mwepesi kidogo. Kadi bado alikataa.

Basi nikakaa bila kazi, na tarehe ya galari inakuja. Mama naye alianza kuota tena boti. Alikuwa anaamka saa tisa za usiku anapika chai. Niligundua kwamba maswali yangu ya jioni, kinasa sauti mezani, "mama, ilikuwaje hapo Kigoma", yalikuwa yanamrudisha majini kila siku na kumwacha huko. Nikaacha kuuliza kabisa kwa kipindi kirefu. Tukawa tunasoma maswali ya uraia tu. Kama unarekodi wazazi, weka siku ya kuanza na siku ya kumaliza, asubuhi badala ya usiku, na awepo mtu wa kubaki naye baadaye ambaye hatamuuliza neno. Kwetu alikuwa mama mmoja wa kwaya kutoka mji wa Baraka. Alikuja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakaimba, mama akalala.

Ni katika kusoma maswali hayo ndipo kazi ilipojifungua. Swali mojawapo lilikuwa linauliza maneno matatu ya kwanza ya katiba ya Marekani ni yapi. Jibu: We the People, yaani Sisi Wananchi. Mama aliyasema vizuri kuliko mimi. Swali jingine liliuliza Sanamu ya Uhuru iko wapi, naye akajibu, bandari ya New York. Nikamwambia, mama, yule mtu wa friji ameitengeneza upya sanamu hiyo, kwa ukubwa wake kamili, kwa shaba, unene wa kama milimita 2 tu kama ilivyo ile ya asili. Aliifanyia kazi hiyo China, vipande takriban 250, na hakuviunganisha. Kipande cha sikio kiko nchi hii, cha vazi nchi ile, cha mnyororo kwingine. Jina la kazi yake ndilo jibu lako la katiba: We the People.

Mama akanyamaza. Kisha akauliza: "Na aliyeilipia ni nani?"

Swali hilo lilinifungua masikio. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha nene yenye mpira. Ndani yake kulikuwa na risiti zote za mkopo wa tiketi. Wasiojua, wajue: mkimbizi anayekwenda Marekani hapandi ndege bure. Kabla ya kuondoka unasaini ahadi ya kulipa nauli za familia nzima. Mkopo hauna riba, na baada ya miezi kama 6 tangu ufike unaanza kulipa kila mwezi kupitia shirika lililokupokea. Sehemu ya unacholipa inarudi kwenye mfuko wa kuwasafirisha wakimbizi wengine. Mama alilijua hilo tangu Nyarugusu na alilishika. Katika miezi mibaya kabisa, nilipoumia mgongo nikakaa bila kazi, tulikula ugali na kabichi lakini hundi ya IOM ilikwenda. Alizipanga risiti mezani kwa mwaka. Ya mwisho imeandikwa salio sifuri.

"Hii weka," akasema. "Hii waione."

Sikuwa nimewahi kufikiria. Nilikuwa natafuta njaa yetu niionyeshe, yeye alitaka ionekane kwamba amelipa. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa sanaa, na aliufanya yeye.

Tukakubaliana kazi iwe na sehemu mbili. Ukutani, nakala za risiti, mstari mmoja mrefu kuanzia ya kwanza hadi sifuri, namba za kesi zimefunikwa. Sakafuni mbele yake, furushi moja la kitenge. Furushi hilo analifunga mama mwenyewe, kwa namna alivyolifunga usiku wa kuvuka, fundo mbili na ncha ya kujitwika, na ndani anaweka vitu anavyovijua yeye. Hakuna anayelifungua, hata mimi. Maonyesho yakiisha anarudishiwa, analifungua nyumbani, na likitakiwa mahali pengine analifunga upya na analipwa upya. Kwa hilo nililipa deni langu kwa mzee Phung na barua zake. Nilimwangalia pia Serge Alain Nitegeka, ambaye kwetu sisi wa maziwa makuu yuko karibu zaidi: alizaliwa 1983, akakimbia Rwanda mwaka 1994, akapita Kongo na Kenya mpaka Afrika Kusini. Yeye huchora watu waliojitwika mizigo, na hujenga mbao nyeusi zinazokatiza chumba hadi mtazamaji ainame na kujipenyeza ndipo apite. Mwaka 2015, kwenye maonyesho ya kimataifa ya Venice, Nitegeka alikuwa katika banda la Afrika Kusini na Danh Vo alikuwa peke yake katika banda la Denmark. Watoto wawili wa ukimbizi, msimu mmoja, kila mmoja amebeba jina la nchi ambayo hakuzaliwa. Nilimwonyesha mama picha zao wote wawili. Alimpenda zaidi Nitegeka, akasema huyu anajua uzito unakaa wapi mwilini.

Sasa pesa, maana huku ndiko vijana wanakoumizwa. Galari iliahidi dola 600. Mimi nilikuwa nimeshatoa zaidi ya 1,400 kabla sijaona hata senti: fremu, kioo, nakala za ubora, taa, mtafsiri, teksi za mama. Malipo yalikuja miezi minne baada ya kufungua. Sasa hivi siendi popote bila karatasi inayosema nusu ya malipo hutolewa siku ya kusaini, nani analipa usafiri na fremu, na bima inaanza lini, kitu kinapotoka mlangoni kwetu au kinapofika kwao. Kitenge cha mama sokoni ni dola 20. Kwenye fomu ya bima usikiandike hivyo. Uliza kazi nzima ina thamani gani, mkubaliane. Na ukilipwa, pesa hiyo ni kipato: inatozwa kodi, na mzazi anayepokea SSI lazima airipoti, la sivyo atadaiwa arudishe. Kwa hiyo mgao wa mama tuliupanga kwa kumshirikisha mtu anayezijua sheria hizo. Zinabadilika mara kwa mara, usitegemee maneno ya jirani.

Mimi na mama nasi tuliandikiana. Watu wengine wa nyumbani waliona ni aibu, mtoto kumsainisha mama yake. Mama hakuona hivyo. Tuliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, tukausoma kwa sauti mbele ya kaka yangu mkubwa na yule mama wa Baraka. Unasema vitu ni vyake. Unasema anaweza kuviondoa siku yoyote, hata maonyesho yakiwa yameanza. Unasema akifariki furushi halifungwi tena na mtu yeyote, na kazi inabaki risiti peke yake. Kipengele hicho nilikipata kwa kufikiria kazi nyingine ya Danh Vo. Alitengeneza jiwe la kaburi la baba yake akiwa bado hai, na jumba la sanaa la Walker la Minneapolis likalinunua. Makubaliano ni kwamba mzee akifariki jiwe linakwenda Denmark kwenye kaburi lake, na jumba linapokea vitu binafsi vya mzee badala yake. Kuna watu wanaona ni jambo la kutisha. Mimi naona ni mtoto aliyezungumza na baba yake kuhusu kifo, kwa kituo, mapema, na kuweka saini. Familia nyingi za kwetu hazijawahi kuyafikia mazungumzo hayo, na ndiyo maana ndugu hugombana msibani.

Wiki mbili kabla ya kufungua, galari ilituma rasimu ya maandishi ya ukutani. Mama alikuwa ameitwa mwathirika mara tano katika aya mbili, na Kongo ilikuwa na ubakaji na madini tu, haina kitu kingine. Nilikataa. Kulikuwa na mvutano, kwa sababu wafadhili wao walipenda lugha ile. Omba kwenye mkataba haki ya kupitisha kila neno linaloandikwa juu ya familia yako: ukutani, kwenye bango, mtandaoni. Mwishowe ukutani iliandikwa jina la mama, jina langu, vifaa, mwaka, na sentensi moja kuhusu mkopo wa tiketi, kwa Kiingereza na Kiswahili. Hata hivyo mpigapicha wao alipiga risiti kabla ya kufunikwa, na picha ikawa mtandaoni kwa saa kadhaa, namba ya kesi inaonekana wazi. Niliiona nikiwa kazini, mikono ikatetemeka hata nikashindwa kuandika ujumbe. Waliiondoa nilipopiga simu. Tangu hapo kufunika nafanya mwenyewe, nyumbani, kabla karatasi haijatoka.

Siku ya kufungua waliitaka Jumapili mchana. Niliomba Jumamosi, maana Jumapili watu wetu wako kanisani mpaka jioni. Niliomba pia gari la kuwaleta wazee, na galari ililipa, kwa sababu niliomba miezi miwili mapema. Wakaja. Walikuja na watoto, na vyakula, na suti. Wageni wengi wa kawaida wa pale walilizunguka furushi na kuniuliza kuna nini ndani, na niliwajibu kweli kwamba sijui. Watu wetu hawakuuliza. Wao walikwenda moja kwa moja kwenye risiti. Baba mmoja wa Uvira alisimama mbele ya ile ya sifuri, akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza kupiga hesabu ya miezi aliyobakiza yeye. Kisha akamwita mkewe. Wakahesabu pamoja, kwa sauti, katikati ya galari, na mama yangu akasogea akaanza kuwaeleza jinsi ya kuomba kupunguziwa kiwango cha mwezi kama kazi imekatika. Alikaa pale karibu jioni nzima akifanya hivyo. Watu walipanga foleni kwake.

Mama aliapa kiapo cha uraia mwaka 2023, kabla miaka 7 haijatimia. Alijibu maswali sita ya kwanza sawasawa na ofisa akaacha kuuliza, kwa kuwa wakati huo sita kati ya kumi yalitosha. Maneno matatu ya katiba hayakuulizwa, na alisikitika, kwa sababu hilo ndilo alilolijua kuliko yote.

Baada ya hapo nilifikiri labda sasa kadi ya posho itatoka. Nilimuuliza mara moja, kwa adabu, akakataa: mdogo wake bado yuko Nyarugusu. Mwaka huohuo chuo kimoja kiliomba kazi yetu, mama akauliza wanalipa kiasi gani, akachagua kitenge kingine na akafunga furushi lingine, dogo zaidi kuliko la kwanza. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilitia saini amri ya kusitisha kupokea wakimbizi, na kesi ya shangazi ikasimama. Wakili anasema tusiguse chochote, tusionyeshe chochote, tusubiri. Kadi iko ndani ya Biblia ya mama, na nimeacha kuiulizia.